Je, Kila Mnene ni Mlafi?



Lipo jambo tulifanyalo kila siku wala hatulihesabu kuwa ni kosa, nalo ni kumhukumu mtu kwa mwili wake. Akipita mtu mnene mbele ya baraza zetu, mmoja humnong'oneza mwenziwe, "Yule tumbo limemshinda." Arusini, mnene akinyoosha mkono kuongeza wali, macho yote humfuata, ama mwembamba aongezaye mara tatu, hapana amtazamaye, bali huambiwa, "Kula, ndugu yangu, upate mwili." Na watoto wetu wamejifunza kwetu. Humwita mwenzao "bonge" mpaka jina alilopewa siku ya akika likasahauliwa.

Basi leo nataka tujiulize maswali mawili. La kwanza: je, unene ni ushahidi wa ulafi? La pili: ikiwa hamu ya chakula yaongozwa na mambo ambayo mtu hakuyachagua, yaliyomo matumboni mwake na ubongoni mwake, je, ataulizwa kwa lipi, na sisi tutaulizwa kwa lipi?

Sikuanza kujiuliza maswali haya kwa kusoma vitabu. Nilianza kwa kosa langu mwenyewe, nami nitalieleza.

Miaka mingi iliyopita alikuwako chuoni kwangu kijana wa miaka kumi hivi, mwepesi wa kusoma, mwenye sauti nzuri, na mwili wake mkubwa kuliko wa wenziwe. Siku moja tulikuwa na khitma, tukapika pilau. Yule kijana akaja na sahani yake kuomba mara ya pili. Nami, mbele ya chuo kizima, nikamuuliza atawezaje kuhifadhi juzuu thelathini na yeye hawezi kuhifadhi tumbo lake. Watoto wakacheka sana. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikaona nimetoa mawaidha mazuri.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tatu akaja mama yake. Akasema, "Maalim, nyumbani kwangu watoto wanne wala sinia moja, na huyu hawazidi wenziwe. Tangu siku ile alala na njaa, na mwili wake ni ule ule. Nifanyeje?" Nikamjibu kama tulivyozoea kujibu, kwamba amhimize mtoto azuie nafsi yake. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, Maalim," akaenda zake. Mtoto alipelekwa chuo kingine. Ile "Haya, Maalim" ningali naisikia.

Mimi si daktari. Lakini mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani alisomea udaktari, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimuuliza juu ya mambo haya, naye hunieleza kwa subira. Nitakayoyasema hapa juu ya mwili nimeyapata kwake na katika maandishi aliyonisomea.

NJAA YATOKA WAPI?

Sisi twadhani njaa hukaa tumboni. Tumbo hupeleka khabari tu, lakini atoaye amri ni ubongo. Ndani kabisa ya ubongo pana sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, na hapo ndipo zinapokusanywa khabari za mwili mzima: akiba iliyobaki, chakula kilichoingia, na kilichotumika. Khabari hizo huletwa na mishipa ya fahamu na kwa homoni zinazotembea katika damu. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni ya kuamsha njaa. Chakula kikifika katika utumbo, hutoka homoni nyingine za kuituliza.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenziwe huko New York waligundua kwamba hata mafuta ya mwili si mzigo uliokaa kimya. Mafuta hayo hutoa homoni waliyoiita leptini, nayo huuambia ubongo, "Akiba ipo, usiogope." Ikikosekana, ubongo huamini kwamba mwili wafa kwa njaa, hata kama mtu ana kilo mia.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza khabari za watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani. Mmoja alikuwa binti wa miaka 8, uzito wake kilo 86. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka 2, naye ana kilo 29. Watoto hawa walikuwa wakililia chakula muda wote. Walipopimwa damu, ikaonekana leptini yao ni chache mno, kwa kasoro waliyozaliwa nayo. Binti yule akaanza kudungwa sindano ya leptini, na baada ya mwaka mmoja alikuwa amepungua zaidi ya kilo 16. Njaa yake ikatulia, akala kama watoto wenziwe.

Fikiri, ndugu yangu. Kabla ya sindano ile, ni watu wangapi waliomtazama mtoto yule wakamwita mlafi, na wangapi waliomlaumu mama yake? Ningekuwako ningekuwa mmoja wao.

Kweli, kasoro ile ni nadra mno. Wanene walio wengi wana leptini, tena nyingi, lakini ubongo wao hausikii sawasawa wito wake. Na liko jambo lingine linalowahusu watu wengi zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya watu 50 wanene waliopunguzwa uzito kwa chakula kichache sana muda wa wiki kumi. Walipopimwa mwaka mmoja baadaye, homoni zao zilikuwa bado zikiwasukuma kula, na njaa yao ilikuwa kubwa kuliko kabla ya kuanza. Basi yule tunayemcheka kwa kuwa alikonda kisha akarudi pale pale, huenda alipigana mwaka mzima na adui asiyelala, na sisi tulikuwa twamwona kama mtu aliyejiachia.

WAGENI WA MATUMBONI

Liko na jambo la ajabu zaidi. Katika utumbo wa kila mmoja wetu wamo viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, waitwao bakteria. Watafiti walikadiria mwaka 2016 kuwa idadi yao katika mtu mmoja ni kama trilioni 38, karibu sawa na seli za mwili wenyewe, na uzito wao wote ni kama gramu 200 tu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawa wako ndani zaidi ya nguo, na wengi wao hawatuli bali hutusaidia.

Kazi yao moja ni kula kile tusichoweza kukisaga sisi: nyuzinyuzi za kunde, maharage, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Wakizila hutoa asidi, na asidi hizo huziamsha seli za utumbo zitoe homoni za shibe, ambazo hufika ubongoni kwa njia ya damu na kwa njia ya mshipa mrefu wa fahamu uunganishao tumbo na kichwa. Basi sehemu ya shibe yetu hutengenezwa na wageni hawa, kwa chakula tuwapacho.

Je, wanaweza kumnenepesha mtu? Mwaka 2004 Jeffrey Gordon na wenziwe katika mji wa St. Louis, Marekani, walichukua panya waliolelewa bila bakteria yoyote, wakawapa bakteria wa panya wa kawaida. Kwa siku 14 tu mafuta ya miili yao yaliongezeka kwa asilimia 60 hivi, na walikuwa wakila kidogo kuliko kwanza. Mwaka 2013 wakafanya jaribio jingine. Walichukua bakteria wa watu pacha, mmoja mnene na mwenziwe mwembamba, wakawapandikizia panya. Panya waliopata bakteria wa mnene walipata mafuta zaidi. Walipowekwa pamoja katika tundu moja na wale wa mwembamba, bakteria wa mwembamba wakahamia kwao na unene ukazuilika. Lakini hayo yalitokea pale panya walipolishwa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Walipolishwa chakula cha mafuta mengi na mboga chache, bakteria wale wazuri hawakupata makazi.

Nataka niwe mwaminifu kwako, msomaji. Panya si binadamu. Watu walipopandikiziwa bakteria wa wengine, haijaonekana kwamba hupungua uzito kwa kiasi cha kutegemewa. Basi asije mtu akakuuzia chupa ya dawa ya bakteria akakuambia utakonda. Kilicho dhahiri zaidi kwa binadamu ni kile cha mwisho katika jaribio la panya, yaani chakula chenyewe.

Mwaka 2019 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, huko Bethesda, ilitoa matokeo ya watu 20 waliokaa ndani ya hospitali wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyotengenezwa sana viwandani, na wiki mbili vyakula vya asili vilivyopikwa. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale kiasi apendacho. Katika wiki za vyakula vya viwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Katika wiki nyingine watu wale wale wakapungua kiasi kama hicho. Nafsi zao hazikubadilika kwa wiki mbili. Kilichobadilika ni kilichowekwa mbele yao.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki, mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa na vijana wa kiume wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili cha ndizi, maharage na mboga walipoacha wakala vyakula vya kizungu kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, ambao ni mlango wa maradhi mengi. Waliotoka katika vyakula vile wakarudi katika vya asili walionyesha kinyume chake.

BASI LAWAMA NI YA NANI?

Sasa turudi katika maswali yetu. Wako watakaosema: "Ikiwa njaa ni kazi ya homoni na bakteria, basi hapana mlafi duniani, na kila mtu ana udhuru." Na wako watakaosema: "Maalim, ukiwapa watu udhuru huu umewafungulia mlango wa israfu." Wote wawili wamechanganya mambo mawili ambayo sharia yetu imeyatenga tangu zamani.

Mtazame mume mwenye wake wawili. Siku, chakula, nguo na makazi viko mkononi mwake. Asipofanya uadilifu ataulizwa. Ama mapenzi ya moyo hayamo mkononi mwake, na wanavyuoni wamesema kwamba hadaiwi kuyagawa nusu kwa nusu. Anadaiwa tu asiyafuate hata akamtupa mwenziwe. Njaa ni kama mapenzi yale, na kula ni kama ugawaji ule. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uweza wake, nasi hatutaulizwa kwa nini tulisikia njaa. Tutaulizwa mkono ulifanya nini.

Kwa hivyo ulafi upo, na makatazo yake yapo. Katika Suratul A'raaf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa na tukakatazwa kupita kiasi. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba matonge machache yamtosha mwanadamu, na kama hapana budi, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Lakini tazama, hakutaja uzito wala upana wa kiuno. Ametaja kitendo. Na kitendo cha ulafi hufanywa na mwembamba kama kifanywavyo na mnene. Ajazaye sahani kisha akaitupa nusu ni mlafi, hata akiwa mfupa mtupu. Alaye nyama kila siku na jirani yake alala na njaa ni mlafi, hata suruali ikimpwaya.

Tena fikiri juu ya watu wawili walioondoa mikono yao katika sinia kwa wakati mmoja. Mmoja njaa yake imekwisha, kwa hivyo kuondoa mkono hakukumgharimu kitu. Wa pili ubongo wake wampigia kelele kwamba bado, naye ameuondoa. Sisi twamsifu wa kwanza kwa kuwa ni mwembamba, na wa pili twamcheka. Je, mbele ya Mola wao ni yupi aliyefanya jihadi kubwa zaidi?

Siku hizi jambo hili limedhihirika kwa namna nyingine. Ziko sindano zinazoiga moja katika zile homoni za shibe za utumbo, na mwaka 2021 mojawapo iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito. Katika jaribio lake kubwa, watu walipungua kwa wastani kama asilimia 15 ya uzito wao kwa muda wa mwaka na miezi michache. Wengi husema kwamba ile sauti ya chakula iliyokuwa kichwani mwao mchana na usiku imenyamaza. Nami nauliza: je, sindano imewatia taqwa? Ikiwa haikuwatia taqwa, basi walipokuwa wanene hatukuwa na ushahidi kwamba walikuwa hawana.

Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni hapana, unene si ushahidi wa ulafi. Na katika swali la pili, mtu ataulizwa kwa mkono wake kwa kadiri ya uweza wake, na sisi tutaulizwa kwa ndimi zetu. Suratul Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, wala haikuwatoa wanene katika katazo hilo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

MKONO WA NANI?

Lakini liko jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Twasema mtu ataulizwa kwa mkono wake. Je, mtoto wa miaka minane mkono wake wachagua nini? Soda ilionunuliwa ikatiwa ndani, hakuinunua yeye. Biskuti za kumnyamazisha alipolia, alipewa. Chipsi za jioni baba alikuja nazo mkononi, kwa mapenzi kabisa. Sisi twamlisha yale yaamshayo njaa, na bakteria wake twawanyima chakula chao. Kisha akiwa mnene twamwambia azuie nafsi. Samaki mkunje angali mbichi, na mkunjaji ni mzazi.

Simlaumu mama anayerudi kazini magharibi, amechoka, mkononi ana shilingi chache, akanunua kilicho karibu. Nasema na sisi wenye uwezo wa kuchagua, na khasa sisi waume, ambao kikapu cha sokoni kimo mikononi mwetu. Mbaazi, kunde, choroko, mchicha, kisamvu, muhogo, mtama, mapapai na samaki vyauzwa sokoni kwetu, na vingi katika hivyo ni rahisi kuliko vya pakiti. Tumeviita chakula cha kimaskini, tukaona haya kumwekea mgeni.

Tazama na Ramadhani yetu. Sunna ni kufungua kwa tende na maji, na wazee wetu walizoea kusali magharibi kwanza kisha ndipo wakakaa futarini. Khabari ya shibe huchukua muda kufika ubongoni, dakika kumi na tano, hata ishirini, na ule muda wa sala waipa nafasi. Siku hizi adhana haijesha, sambusa ya nne imekwisha ingia, na kaimati na sharubati zangojea zamu. Kisha twashangaa kumaliza mwezi wa kufunga na kanzu zimetubana.

Sisemi kwamba mwenye kula kunde hatanenepa. Nimekwisha eleza kwamba watu wameumbwa mbalimbali. Nasema kwamba aliye mnene na aliye mwembamba wote wale sinia moja yenye kheri, wala asitengewe mtoto mmoja sahani ya aibu. Na ikiwa mtoto amenenepa sana tangu uchanga wake, na njaa yake haishi, apelekwe kwa daktari. Asipelekwe kwa mwalimu kama mimi nilivyokuwa.

Yule kijana sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Mwaka juzi tulikutana katika khitma ya jamaa yao, nikamvuta kando, nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea siku ile ya pilau, tena mbele ya watu. Naomba unisamehe." Akacheka, akaushika mkono wangu, akasema, "Maalim, hayo yamepita zamani." Kisha tukaitwa kula, tukakaa sinia moja. Alikula matonge matatu au manne, akaondoa mkono, akasema ameshiba.

Sikujua kama ameshiba kweli, au ni kwa kuwa mimi nimekaa mbele yake.

Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyotoka katika ndimi zetu, atubarikie katika riziki yake, na atujaalie tuwe wenye kujihesabu wenyewe kabla ya kuwahesabu wenzetu. Amin.